Beseni la Mzee Ramazani na Duka Langu la Kufunga Zawadi

Juzi mjukuu wangu alikuja na daftari mkononi akaniuliza kama mtu anaweza kuishi kwa duka la kufunga zawadi. Si kuuza zawadi, alisema, kuzifunga tu: karatasi, utepe na mikono. Aliniuliza kwa upole, kana kwamba jambo lenyewe limezaliwa jana na mimi huenda nisilielewe. Nikamwambia akae vizuri. Nyinyi nyote mnaofikiria kufungua kitu chenu hapa Kindu, kaeni naye. Mnasoma maneno ya mtu wa kwanza kufungua duka la namna hiyo katika mji huu, enzi za Wabelgiji. Kama kuna aliyenitangulia, ajitokeze. Nimengoja muda mrefu na hajajitokeza.

Sipendi kujisifu, lakini ukweli una haki yake. Baba yangu alibeba magunia ya mchele bandarini. Mimi nina diploma ya biashara, miaka mitatu ya masomo Elisabethville, yenye mihuri miwili, na nilijilipia mwenyewe. Nilijitengeneza bila kushikwa mkono na mtu, isipokuwa na Papa Kalonji, na mama yangu mkubwa Mwayuma, na bibi mmoja mwenye ulimi mkali ambaye nitamtaja. Ukiwaondoa hao watatu, nilijitengeneza peke yangu kabisa.

Papa Kalonji alikuwa mzee wa Kasai, mfungaji mkuu katika duka kubwa la Wazungu kule Elisabethville. Nilifanya kazi pembeni yake mchana na kusoma nikitoka kazini. Mezani kwake vilipita vichezeo vya watoto, chupa za manukato, saa za ukutani, hata baiskeli nzima. Siku yangu ya kwanza nilichukua mkasi nikakata karatasi. Ilipungua upana wa vidole viwili. Papa Kalonji hakugomba. Aliitundika ile karatasi fupi kwenye msumari mbele ya uso wangu na kuiacha pale mwezi mzima.

"Zungusha kwanza," aliniambia. "Karatasi itembee kuzunguka kitu, ikukubalie, halafu ukate. Mkasi unakuja mwisho."

Jambo la pili alilonifundisha ni kutikisa. Hakuna kitu kilichofungwa mezani kwake kabla hajakishika sikioni na kukitikisa. Kikilia, alitia karatasi iliyokunjwakunjwa mpaka kikanyamaza. Kikombe kinachogonga kikombe kingine kwenye meza yako, alisema, kitavunjika kwenye meza ya mwenzako, na lawama itakufuata. Mpaka leo ninatikisa. Wake za wanangu hunicheka ninapotikisa hata pakiti ya biskuti.

Basi nilirudi Kindu. Treni hadi Bukama, meli ya mtoni hadi Kabalo, treni tena mpaka nyumbani, na mizigo yangu ilikuwa mabunda sita ya karatasi za rangi, tepe, mkasi wa Papa Kalonji alionipa kwa kuniaga, na diploma yangu kwenye fremu. Nilishuka stesheni nikiwa na kravati. Watu walidhani nimekuja kusimamia kitu.

Mama Mwayuma alikuwa akisuka na kuuza mikeka katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mtaa wa Mikelenge. Nilipomweleza mpango wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kukunja mikeka yake na kuihamishia uani. Alinipa chumba kile. Wateja wake wa mikeka wakawa wanapita mbele, wanaona karatasi na diploma ukutani, wanadhani amehama. Kwa hiyo elewa: duka langu lilikuwa limekalia riziki ya mtu mwingine.

Mwezi wa kwanza walikuja wake wawili wa mafundi wa Kizungu, na mwalimu mmoja aliyetaka kufungiwa kalamu. Basi. Halafu ikaja barua kutoka ofisi ya stesheni. Walitafuta karani anayejua kupiga mashine ya kuandika, wamesikia habari za diploma yangu, na nijibu kabla ya saa sita mchana, Jumamosi ya wiki inayofuata. Barua ilikuwa na muhuri mkubwa wa rangi ya zambarau. Mtaa mzima ulijua habari yake kabla sijamaliza kuisoma. Jirani akaniambia, "Mwenye diplome, utaacha biro ya stesheni ili ufunge pipi za vijiti?" Niliiweka barua chini ya mkasi nisiione.

Siku ileile aliingia Mzee Ramazani, mfanyabiashara wa samaki kutoka Lokandu, mwanamume mpana anayenukia moshi wa samaki, na nyuma yake mwanamke amebeba beseni kubwa lililochorwa maua, lenye vikombe kumi na viwili na visahani vyake.

"Wewe njo mwenye diplome?"

"Ndiyo, njo mimi, baba."

"Wanasema unavalisha vitu nguo."

"Ninavifunga, baba."

"Basi hii ifunge. Mutoto wa dada yangu anaolewa Ijumaa. Sitaki muntu aizarau zawadi yangu."

Vijana, sijawahi kufunga kitu kwa uzuri ule, hata Elisabethville. Nilitengeneza boksi la katoni, nikapanga vikombe, nikatikisa, kimya. Karatasi ya kijani yenye nyota za dhahabu, kona zimelala kama shuka la hospitali, mshono umejificha chini, utepe mwekundu juu umefungwa kama ua. Mzee Ramazani aliizunguka mara mbili na kupiga ulimi kwa furaha. Mimi nikaanza kuona moyoni nyumba ya matofali.

Sasa, nyinyi mliozaliwa hapa mmeshaliona kosa langu. Mimi pia nilizaliwa hapa, lakini nilikuwa nimeondoka miaka mingi na diploma ilikuwa imejaa kichwani. Zawadi za arusi kwetu haziingii kimyakimya. Zinapita mtaani juu ya vichwa vya wanawake, moja nyuma ya nyingine, na mlangoni kwa bwana arusi anasimama bibi mmoja wa ukoo anayetangaza kila kitu na jina la aliyekitoa. Ijumaa ile alisimama Bibi Sifa, nyanya wa bwana arusi, mwembamba, mwenye sauti ya kuvuka mto.

"Mariamu wa Alunguli, sufuria mbili, na mufuniko yake." Vigelegele. "Shabani fundi cherehani, kitanda ya mbao, hii njo miguu yake, ingine inakuja." Vigelegele na kicheko. Halafu likafika boksi langu la kijani. Bibi Sifa alilitazama juu mpaka chini.

"Hii iko nini?"

"Ni ya Ramazani wa Lokandu," alisema aliyebeba.

"Nimeuliza iko nini."

"Hatujui, bibi. Imefungwa."

Akageukia umati. "Ramazani. Boksi."

Hakuna kigelegele hata kimoja. Kisha mwanamke mmoja akasema, si kwa sauti kubwa lakini kwa kutosha, "Pengine iko samaki ndani, inaogopa paka." Walicheka mpaka mwisho wa mstari. Kwa desturi kitu kilichofungwa hakifunguliwi mbele ya watu, maana ni kama kumpekua mgeni, na bibi arusi hagusi zawadi mpaka siku ya saba. Boksi likawekwa kwenye kona, nyuma ya kitanda cha Shabani chenye miguu miwili.

Mzee Ramazani alinijia kesho yake asubuhi. Hakukaa.

"Nilinunua beseni ya maua," alisema taratibu. "Vikombe kumi na mbili. Wote waliona boksi. Umefungia jina yangu ndani ya karatasi, mwanangu."

Ningependelea anitukane. Aliondoka, na pamoja naye waliondoka watu wawili wa arusi zilizofuata waliokuwa wameahidi kuja kwangu. Jumapili sikuona mteja. Jumatatu pia. Mama Mwayuma alikuwa akisuka uani bila kuniangalia, na wateja wake wachache waliomgundua walikuwa wakipita pembeni ya nyumba, kwenye matope, kwa sababu mimi nimeziba mbele. Nilitoa barua ya stesheni chini ya mkasi nikaisoma tena. Ilikuwa barua nzuri. Sitawadanganya, nilianza kuandika jibu.

Kilichonizuia ni aibu ya Mzee Ramazani zaidi ya ushujaa wowote. Siku ya saba ilikuwa Alhamisi. Siku hiyo bibi arusi anatoka nje, na ndugu waliochelewa kuleta zawadi huzipitisha mlangoni. Nikafikiri: beseni likipita tena, wazi, jina lake litatangazwa. Ilibaki kwenda kuomba zawadi irudi. Jumanne nikafunga kravati nikaenda.

Bibi Sifa alikuwa barazani anachambua mchele.

"Miaka yangu yote nimeona watu wanaleta zawadi," alisema nilipomaliza. "Sijaona muntu anakuja kuichukua."

"Siichukui, bibi. Ninaivalisha upya."

"Uliivalisha mara ya kwanza ikakosa uso."

"Njo maana nimekuja. Alhamisi itarudi."

Alipuliza makapi kwenye ungo, akafikiri. "Chukua. Lakini itatoka vile iliingia. Kichwani."

"Bibi, nina baiskeli hapo nje."

"Zawadi ya arusi haipandi baiskeli. Na kravati usivue."

Basi mimi, mwenye diploma ya mihuri miwili, nilivuka Mikelenge na boksi la kijani kichwani, saa nne asubuhi, wakati watu wote wanatoka sokoni. Vijana, ile safari ilinifundisha kuliko miaka mitatu ya shule. Karatasi yangu nzuri iliteleza. Kila hatua boksi lilitaka kurudi nyuma, nikalishika kwa mikono miwili mpaka mabega yakawaka. Katoni ilinichoma utosini. Na kila niliyekutana naye aliuliza, "Umebeba nini?" Nikajibu, "Beseni na vikombe." Hatua kumi, tena, "Hiyo iko nini?" Beseni na vikombe. Nilipofika kwenye kisima nilikuwa nimejibu mara nyingi hivi kwamba sauti ilikauka, ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nikifanya kwa mdomo kazi ambayo ufungaji wangu ulipaswa kufanya wenyewe. Kule Elisabethville zawadi hubebwa kwapani na kufunguliwa chumbani. Hapa inapita kichwani na inasomwa na mtaa mzima njiani. Nilikuwa nimeifunga kwa ajili ya mji mwingine.

Mwanamke aliyebeba sombe, majani ya muhogo, alinisimamisha. "Baba, unabeba kama unaogopa kichwa yako." Akavua kata yake, ile pete ya majani ya migomba wanayoweka wanawake chini ya mzigo, akaniwekea. Boksi likatulia mara moja, kana kwamba limekuta kiti chake. Nilitembea sehemu iliyobaki karibu kwa fahari.

Nilipoingia, Mama Mwayuma aliniangalia, jasho, kravati, kata na yote.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," alisema.

"Sasa mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa na diplome. Nilingoja iseme."

Tulifanya kazi siku mbili, yeye na mimi, mezani pangu. Tulivunja boksi. Alisuka kata ya nyuzi za mrafia, zilezile za mikeka yake, tukaifunga chini ya beseni ili mbebaji asihitaji nyingine. Mimi nilipanga vikombe vimesimama kwa duara juu ya visahani vyake, na karatasi ya dhahabu nikaikunja kama sketi ndogo katikati ya vikombe, si kuvificha bali kuvinyanyua. Nilitikisa, vikalia, nikajaza. Kisha yeye akafuma wavu wa mrafia mwekundu na mweusi juu ya vyote, kwa mafundo yaleyale ya mikeka yake, umebana kiasi kwamba ungeweza kugeuza beseni upande na kikombe kisisogee. Utepe nikauzungusha ukingoni tu. Nilizungusha kwanza, nikakata baadaye.

Alhamisi mwanamke aliyebeba alipita mtaani mikono yake inaning'inia mitupu. Mikono yake ndiyo iliyowafanya watu wageuke: mzigo mrefu vile, na mikono haifanyi kitu. Vikombe vilionekana vyote, vinang'aa ndani ya wavu. Mzee Ramazani alisimama ng'ambo ya barabara, amejikausha kama mtu anayesubiri hukumu.

Bibi Sifa alizunguka beseni. Aliingiza kidole kimoja kwenye tundu la wavu akajaribu kutikisa kikombe. Hakikutikisika.

"Ramazani wa Lokandu," alisema kwa ile sauti yake. "Beseni ya maua. Vikombe kumi na mbili na visahani yake, vyote vinasimama kama askari." Vigelegele viliruka. Alingoja vitulie. "Na nani alifunga?"

Sikumngoja mtu anitaje. Nilisogea mbele nikasema, "Mimi na Mama Mwayuma." Hilo ndilo tangazo pekee la biashara nililowahi kutoa maishani, na halikunigharimu kitu. Mzee Ramazani alivuka barabara akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na nilinuka samaki mpaka jioni.

Kabla sijasema habari za Jumamosi, niwape yale mjukuu wangu aliyoyataka daftarini.

Kila mteja akiingia, muulize swali moja kabla hujagusa karatasi: zawadi yako inataka kuonekana au inataka kufichwa? Ya arusi inataka kuonekana. Ya mtoto wa ubatizo kwa watu wa misheni, na ya Wazungu, inataka kufichwa. Ya mwanamume kwa mwanamke ambaye hajamwoa inataka kufichwa sana, na usiulize la pili.

Karatasi za Kindu zinalewa unyevu. Zitundike juu, karibu na jiko, zisilale sakafuni. Gundi ya unga wa muhogo ni nzuri lakini mende wanaipenda kuliko wewe. Mimi, kwa akili zangu za shule, nilitia pilipili katika gundi ili kuwafukuza. Mende walikimbia kweli. Lakini baba mmoja wa ubatizo alifungua zawadi kwa meno mbele ya padri, akatoa machozi ibada nzima, na watu wakamsifu kwa uchaji wake. Hakujua sababu, nami sikumweleza. Baadaye nilitumia nyuzi tu, na gundi nikaiacha.

Tena, funga kwa kitu ambacho mwenye zawadi atakitumia kesho. Karatasi ya duka langu la kwanza iliishia kuwasha moto. Wavu wa Mama Mwayuma ulitundikwa jikoni ukawekwa vitunguu, na kata ilikwenda kisimani kila asubuhi, na kila jirani aliyeuliza ilitoka wapi alielekezwa kwetu. Mtaani kwetu watu hawalipii kitu cha kutupwa. Ukikumbuka hilo, duka litakulisha. Kwangu lilitulisha mimi na Mama Mwayuma, likasomesha watoto wangu watano, na ile nyumba ya matofali niliyoiona moyoni mnaijua, ndiyo nyinyi wajukuu zangu mnayokuja kulala ndani yake wakati wa likizo bila kuleta hata sukari.

Basi, Jumamosi. Saa tano na nusu, nusu saa kabla ya mwisho wa barua, nilikuwa nimekaa dukani na karatasi mbili mbele yangu: ile ya stesheni, na jibu langu ambalo lilikuwa halina sahihi. Sherehe ya Alhamisi ilikuwa tamu, lakini sherehe si mteja. Mama Mwayuma alikuwa mlangoni anasuka, kwa mara ya kwanza mbele ya nyumba, si uani.

Akaingia mwanamke aliyepanda mto kwa mtumbwi kutoka Lokandu. Alikuwa na beseni, na vikombe sita katika kikapu. "Ramazani amesema nije kwa wale wanaofunga vitu visimame," alisema. "Arusi iko kesho. Mtumbwi inaningoja."

Tulifanya haraka. Beseni, kata, sketi, vikombe kwa duara. Nilitikisa. Kikombe kimoja kililia. Nilitafuta makaratasi ya kujazia, yalikuwa yamekwisha, na mwanamke alikuwa akitazama mto. Mezani pangu palikuwa na barua yenye muhuri wa zambarau. Ni karatasi nzito, nzuri. Mama Mwayuma aliona nilichokuwa nikitazama, akashika tu wavu tayari. Niliikunja barua mara nne, nikaisokota, nikaiingiza kikombeni. Nikatikisa. Kimya.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwenda Lokandu kwa msiba, nilikaribishwa chai katika nyumba moja. Juu ya kabati la vyombo, ukutani, ndani ya fremu yenye kioo, palikuwa na karatasi yenye makunyanzi na muhuri wa zambarau. Mwenye nyumba alikuwa yule bibi arusi wa vikombe sita. Aliona ninaisoma.

"Hii ilikuja na zawadi ya arusi yangu," aliniambia. "Sisi hatusomi Kifaransa, lakini iko na muhuri ya serikali. Bwana yangu alisema tuitunze, inalinda nyumba."

"Na imeilinda?"

"Angalia mwenyewe. Vikombe viko vyote sita."

Nilisoma tena ile barua mpaka mwisho. Bado ilinitaka nijibu kabla ya saa sita. Nikamwambia muhuri ule ni wa kweli kabisa, waitunze vizuri, kisha nikamwomba aniongezee chai.